Uzoefu wangu na baiskeli za kukodi Cumberland, Maryland

Hasira haijanitoka, kwa hiyo msomaji apunguze pale atakapoona nimezidisha. Duka ninalolizungumzia liko Cumberland, na jina lake nitalihifadhi. Kazi yake ni kukodisha baiskeli na kuwapeleka wateja kwa gari mpaka Meyersdale, upande wa Pennsylvania, ili warudi wenyewe kwa njia ya Great Allegheny Passage, yaani tuta la reli ya Western Maryland lililoachwa na treni mwaka 1975 na sasa limetandazwa changarawe laini ya chokaa. Kwa sisi tunaoishi karibu na Washington ni safari ya saa mbili na ushee kwa gari, na mwezi wa kumi, majani ya miti yanapogeuka mekundu na manjano, sijui matembezi ya siku moja yanayoyashinda hayo. Njia haina kosa lolote. Ugomvi wangu ni wa breki ya nyuma.

Asubuhi nilimuuliza kijana wa kaunta kama baiskeli zimekaguliwa, akajibu bila kuinua macho kwamba zote hukaguliwa kila siku. Kisha alimgeukia rafiki yangu, akamuuliza polepole, kama anayesema na mtoto, ikiwa amewahi kupanda baiskeli yenye gia. Rafiki yangu ni mzaliwa wa Shinyanga, na kabla hajamaliza shule alikuwa akipakia magunia ya mkaa kwenye Phoenix na kuyafikisha sokoni bila kuangusha hata moja. Alicheka tu. Mimi sikucheka, lakini gari lilikuwa linaondoka.

Dereva, na hili nalisema kwa haki, alikuwa mzee muungwana. Alitusisitiza tusiyaache makoti kwa sababu ndani ya handaki la Big Savage kuna baridi hata jua likiwaka, akatueleza kwamba milango yake hufungwa majira yote ya baridi ili barafu isiharibu kuta, na alipotushusha Meyersdale alituonyesha upande wa kwenda kuliona kwanza daraja refu la Salisbury, lililo juu sana ya bonde la mto Casselman, huku mitambo ya upepo ikizunguka vilimani. Tulikwenda, tukaliona, tukageuza. Laiti duka lote lingekuwa na watu kama yeye, nisingekuwa naandika haya.

Kutoka Meyersdale njia hupanda taratibu mpaka mahali maji yanapogawana, kwenye kimo cha mita 729, ambapo mvua inayoanguka upande mmoja huishia Atlantiki na ya upande wa pili huishia Ghuba ya Meksiko. Mtu anayepanda hahitaji breki, na ndiyo maana hatukujua lolote mpaka hapo. Tulipita Big Savage, handaki la karibu kilomita moja lenye taa chache, tukatokea upande wa pili na kuona mabonde ya Maryland yote yamewaka rangi, tukanyamaza sote wawili. Mbele kidogo ni alama ya mpaka wa Mason na Dixon, uliokuja kuhesabiwa kuwa ndio unaotenganisha majimbo ya utumwa na yasiyo ya utumwa. Nilitaka tukae hapo muda mrefu zaidi.

Baada ya mpaka huo, mbele yangu ilitokea familia yenye mbwa, na majani yaliyolowa yalikuwa yametanda njia nzima. Nilibana breki ya nyuma, mkono wake ukagusa usukani, baiskeli ikaendelea kama vile sikufanya kitu. Nilisimama kwa miguu. Rafiki yangu aliigeuza baiskeli juu chini, akaitazama, akasema, "Ndugu yangu, hapa hakuna raba, ni chuma kinasugua rimu." Raba haiishi hivyo kwa asubuhi moja. Nilipiga simu dukani, nikaambiwa kwamba kama breki ya mbele inashika basi niteremke polepole. Kila aliyewahi kubana breki ya mbele peke yake juu ya majani mabichi anajua ushauri huo una thamani gani, nami nilikuwa na zaidi ya kilomita 30 za mteremko mbele yangu, pamoja na handaki la Brush, ambalo waendesha baiskeli hulitumia pamoja na treni ya watalii.

Tuliteremka kwa mwendo wa konokono, mahali pengine tukikokota baiskeli, na tukafika muda mfupi baada ya saa ya kufunga. Yule kijana alikuwa bado yupo. Nilimwomba aibane breki kwa mkono wake mwenyewe, jambo la sekunde moja. Hakuigusa. Alitazama saa ya ukutani, akasema kuna ada ya kuchelewa, akaikata kwenye kadi yangu huku mimi bado nimeishika baiskeli. Nilirudia ombi langu kwa sauti ambayo huenda ilisikika mpaka stesheni ya treni. Alisema baiskeli ilitoka ikiwa nzima, kisha akazima taa ya nyuma ya duka.

Sikatai kwamba fundi anaweza kusahau raba moja, na ada yenyewe haikuwa kubwa. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota tatu kwa ajili ya dereva, maana bila gari lake tusingeiona ile njia kwa namna ile, na kwa kweli ningewashauri wasomaji wakodi hapo hapo, mradi wageuze baiskeli na kukagua raba kabla ya kuondoka. Lakini kila nikikumbuka lile swali la gia aliloulizwa mwenzangu, na mkono ule uliokataa kunyooshwa, nyota mbili zinaanguka. Nawapa moja. Mwaka ujao, majani yakigeuka, tutakwenda na baiskeli zetu, na dereva tutamlipa yeye peke yake, kama atakubali kutubeba.