Domeni kuu kwenye hostingi ya bure: nimejaribu kuibadilisha, tazameni nilichokipata

Jambo sana, ndugu na dada zangu. Niko hapa Bukavu, Ibanda, kompyuta iko wazi mbele yangu, na yote nitakayosema mtayaona kwenye kioo.

Leo tunachambua akaunti ya hostingi ya bure, yaani nafasi ya kuweka tovuti mtandaoni usiyoilipia hata franga moja, na swali ni moja: unaweza kuibadilishia domeni kuu, lile jina la tovuti ulilofungulia akaunti? Nimeijaribu wiki mbili nzima kwa tovuti ya dada yangu mkubwa, fundi cherehani wa Kadutu anayeshona vitenge vya harusi. Miaka mitatu ametumia jina refu la bure alilopewa na hostingi, na wateja kila mara wanakosea kuliandika. Mwezi uliopita tukamnunulia domeni yake ya .com, dola 12 kwa mwaka, akaniambia, "Mdogo wangu, sasa niondolee hilo la zamani."

Nikaingia kwenye paneli, ukurasa wa kuendeshea akaunti. Kitufe cha kubadilisha domeni kuu hakipo, na wala hakijafichwa. Jina unalofungulia akaunti ndilo seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, inalolitumia kuitambua akaunti na folda yake. Hata kwenye hostingi ya kulipia yenye paneli ya cPanel, mwenye akaunti haligusi. Analibadilisha msimamizi wa seva. Ukiwa unalipa, unawaandikia watu wa huduma wanakufanyia. Kwenye akaunti za bure jibu la kawaida ni: fungua akaunti nyingine. Kwa hiyo usimalize mega zako kukitafuta kitufe hicho.

Lakini tazama hapa, sehemu ya domeni. Kuna domeni ya ziada, na kuna domeni ya kuegesha. Watu wanazichanganya sana. Ya ziada inapewa folda yake, tupu, kama kiwanja kipya. Ya kuegesha inasoma folda ileile ya domeni kuu. Ni mlango wa pili wa nyumba moja. Dada hahitaji nyumba ya pili, anahitaji mlango ambao wateja wake wanaukumbuka. Nikaegesha.

Fuata mpangilio huu. Kwanza, kule uliponunua domeni, weka seva za majina za hostingi yako, zile anwani zinazoanza na ns1 na ns2, zinazouambia mtandao tovuti yako iko wapi. Kisha ngoja. Inaweza kuchukua dakika chache, inaweza kufika saa 48, kwa sababu seva nyingine duniani zinashikilia jibu la zamani mpaka muda wake uishe. Paneli nyingi za bure hazikubali domeni ambayo bado haijaelekezwa kwao. Kwangu ilikataa mara mbili usiku, asubuhi ikakubali bila mimi kugusa kitu.

Sasa WordPress, programu iliyojengea tovuti ya dada, na hapa ndipo ninapotaka mkae vizuri. WordPress inakumbuka anwani yake yenyewe ndani ya hifadhidata, ghala la maandishi na mipangilio ya tovuti, kwenye jedwali la wp_options, mistari miwili: siteurl na home. Usipoibadilisha, mteja anaandika jina jipya, tovuti inamrudisha kwenye la zamani. Unaibadilisha kwenye mipangilio ya jumla. Ukikosea herufi moja tu, unafungiwa nje hata ya dashibodi. Usiogope: fungua faili la wp-config.php, ongeza mistari miwili, WP_HOME na WP_SITEURL, kila mmoja na anwani sahihi, hifadhi, utaingia tena.

Picha je? Anwani za picha, zenye jina la zamani, ziko ndani ya makala na ndani ya mipangilio ya mandhari, yaani muonekano wa tovuti. Wengi wanapakua hifadhidata, wanaifungua kama maandishi, wanabadilisha jina lote kwa mara moja, wanairudisha. Nawaomba, msifanye hivyo. Angalia mstari huu, nimeweka jina la mfano: s:18:"https://mfano.test". Ile 18 ni hesabu ya herufi, hesabu mwenyewe. Ukiandika mfanomrefu badala ya mfano, herufi zinakuwa 23 na namba imebaki 18. WordPress inaona hesabu haikubaliani na inautupa mpangilio wote. Nimeona tovuti ya mwalimu mmoja ikipoteza menyu na vibao vyote vya pembeni kwa sababu hiyo tu, na hakuwa na nakala. Tumia programu-jalizi, programu ndogo ya kuongezea kwenye WordPress, ya Better Search Replace, inarekebisha hesabu yenyewe, na ina sehemu ya kujaribu kwanza bila kugusa kitu. Na kabla ya yote, pakua nakala ya hifadhidata kwenye simu yako.

Kufuli la https: usiandike https kwenye anwani kabla cheti, uthibitisho unaowasha kufuli hilo, hakijawekwa, wateja watapokelewa na onyo la kutisha. Cheti cha shirika la Let's Encrypt ni bure, na hakizidi siku 90. Kama paneli yako haikihuishi yenyewe, andika tarehe ukutani.

Mwisho, jina la zamani. Dada amechapisha kadi mia mbili zenye jina hilo, ziko mikononi mwa watu. Kwenye .htaccess, faili la maagizo ya seva, niliweka mwelekeo wa kupeleka kila ukurasa wa zamani kwenye ukurasa uleule wa jina jipya. Anza na 302, mwelekeo wa muda, jaribu siku mbili, ndipo uweke 301, wa kudumu, kwa sababu kivinjari kinaikumbuka 301 muda mrefu na kosa lako litakaa kwenye simu za watu. Google wenyewe wanashauri uiache angalau siku 180.

Kama paneli yako haina kuegesha, fungua akaunti mpya kwa domeni mpya. Usihamishe maelfu ya faili za WordPress moja moja kwa mtandao wetu huu. Sakinisha WordPress upya kule, ulete folda ya wp-content, yenye picha na mandhari, pamoja na hifadhidata tu.

Maoni yangu sasa. Hostingi ya bure inamtosha fundi, kikundi cha kwaya, duka la Nguba. Jina ndilo lisiwe la bure. Mwaka 2023 Gabon ilirudisha .ga, mwisho wa majina ya tovuti ya nchi yake, mikononi mwake, na majina mengi sana yaliyogawiwa bure yakafutwa. Wenye tovuti wakabaki na faili zisizo na mlango. Na ukimwomba mtu mwenye kadi ya benki akununulie domeni, iandikwe kwa barua pepe yako wewe. Kuna kijana alimnunulia jirani yetu kwa barua pepe yake mwenyewe, akahamia mbali, mwaka ukaisha, hakuna aliyeweza kuihuisha. Ninaumia kila nikimkuta yule mama, maana kazi yake ilikuwa nzuri.

Kwenye paneli ya dada, domeni kuu bado inasomeka lile jina refu. Jana sokoni Kadutu, mteja alitoa kadi ya zamani, akaandika herufi moja moja kwenye simu. Ukurasa ukafunguka, juu limeandikwa jina jipya. Hakugundua kitu, akaanza kuchagua kitenge.