Uzoefu wangu na Emsisoft Decryptor for STOP Djvu

Ninaendesha duka dogo la kuchapa na kutoa nakala, na mwanzoni mwa 2020 nilipoteza kwa usiku mmoja karibu kila kilichokuwamo kwenye laptopu ya kazi: mitihani ya shule mbili, picha za harusi za wateja na hesabu za duka za miaka mitatu. Kosa lilikuwa langu. Nilitaka programu ya kuhariri picha bila kuilipia, nikapakua kraki, yaani nakala iliyovunjwa kinga ili itumike bila malipo, kutoka tovuti nisiyoijua, na maelekezo yake yaliponitaka nizime antivairasi kwanza, nikaizima. Bando liliisha mara tu upakuaji ulipokamilika, nikasakinisha bila intaneti. Likatokea dirisha lililofanana kabisa na lile la masasisho ya Windows, nami nikalisubiri. Lilipoondoka, majina ya mafaili yote yalikuwa yameongezewa nukta na herufi nne, hakuna lililofunguka tena, na kila folda ilikuwa na faili jipya, _readme.txt, lililodai dola 980, au 490 kwa atakayewasiliana nao ndani ya saa 72.

Sikulipa. Kwa kutumia kompyuta ya rafiki nilipeleka ujumbe huo pamoja na faili moja lililofungwa kwenye huduma ya bure ya ID Ransomware, ikanijibu kwamba ni STOP Djvu, jamii ya virusi iliyoanza kuonekana 2018 na inayosambazwa zaidi kupitia kraki. Hapo ndipo nilipoelekezwa kwenye programu ya kampuni ya Emsisoft ya kufungua mafaili yaliyofungwa na kirusi hicho, iliyotolewa Oktoba 2019, nayo pia haina malipo. Nasisitiza kwamba ipakuliwe kwenye tovuti ya Emsisoft yenyewe, kwa sababu Juni 2020 kulisambazwa programu bandia iliyojidai kufungua mafaili ya STOP Djvu, kumbe ilikuwa kirusi kingine, Zorab, kilichoyafunga mafaili hayo mara ya pili.

Matumizi yake ni mepesi: unachagua folda, unabofya kitufe, na programu inauliza kwenye seva ya Emsisoft kama ufunguo wako, yaani msimbo wa siri unaoweza kufungua mafaili yako, unajulikana, kwa hiyo intaneti ni lazima. Yote yanategemea ufunguo huo. Kirusi kikifaulu kuwasiliana na seva ya wahalifu, hupewa ufunguo wa mwathirika huyo peke yake, na kwa matoleo yaliyokuja baada ya Agosti 2019 hakuna anayeweza kuukisia. Kikikosa intaneti hutumia ufunguo kilichokuja nao, ambao ni mmoja kwa waathirika wote wa toleo hilo waliokosa mtandao, hivyo ukipatikana kwa mmoja huwafaa wengine. Bando kuisha ndiko kulikoniokoa. Mara ya kwanza nilijibiwa kwamba ufunguo wa toleo langu bado haujapatikana. Nikavuta subira, nikajaribu kila wiki, na katika mwezi wa tatu mafaili yalianza kufunguka moja baada ya jingine, picha za harusi zikiwa za kwanza. Nililia dukani mbele ya mteja.

Programu hii haiondoi kirusi, na jambo hilo ningependa lisemwe kwa herufi kubwa zaidi kwenye ukurasa wake. Kirusi hiki mara nyingi huambatana na kingine kinachoiba maneno ya siri, kwa hiyo nilibadilisha ya barua pepe na ya benki kwa kutumia simu, nikanakili mafaili yaliyofungwa kwenye diski ya nje, kisha nikafuta diski yote ya laptopu na kusakinisha Windows upya.

Lakini nilichelewa kufanya hivyo. Asubuhi ya pili, kabla sijaelewa ninachokabiliana nacho, nilinunua bando, nikaunganisha laptopu na kuchomeka flashi ya mwalimu mmoja ili nimchapie kazi yake. Kirusi kilikuwa kimejiwekea ratiba ya kuamka kila baada ya dakika chache, na safari hii kikiwa na intaneti kikayafunga mafaili ya flashi. Nilipofungua faili la PersonalID.txt ndani ya folda ya SystemID, ambamo kirusi huandika vitambulisho vya funguo kilizotumia, nilikuta mistari miwili: wa kwanza uliishia na t1, alama ya ufunguo wa pamoja, na wa pili haukuishia hivyo, maana yake ulikuwa wa ufunguo wangu peke yangu. Kwa mafaili ya laptopu naipa programu hii alama zote. Ya flashi ile, kila ninapoyajaribu, jibu huwa kwamba hayafunguki, na mwalimu nilimlipa gharama ya kuandika upya maandalio yake ya masomo ya muhula mzima.