Wachawi watatu, hesabu tatu: uchambuzi wa SRD 5.2 ya Dungeons & Dragons

Karibuni watazamaji wa Kampala, Jinja, Arua na kokote mnakotufuatilia. Leo mezani tuna SRD 5.2, kanuni za msingi za Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika) zilizotolewa bure mwaka 2025. Ni faili la zaidi ya kurasa 300. Sitalipitia lote. Nataka tuone jambo moja: wahusika wanaotumia uchawi wametofautishwa kweli, au wamebadilishiwa majoho tu?

Sisi waswahili swali hili tunalijua. Mganga na mchawi wanaweza kuchimba mizizi kwenye kichaka kimoja, na bado hakuna mtu mtaani atakayewachanganya. Tunauliza nguvu ameipata wapi, na analipa nini. Basi tuwapime hawa kwa kipimo hicho hicho.

Nimewachagua watatu wanaofanana zaidi. Wizadi ni msomi, uchawi wake umo kitabuni. Sosera ni mrithi, amezaliwa nao damuni. Woloki ni mtu wa mkataba, kuna mkubwa amempa.

Hebu sogeza kamera hapa. Wote nimewaweka ngazi ya 5. Vizibo vya soda ni nafasi za kutupa speli, yaani tendo moja la uchawi kwa kila kizibo; daraja ni ukubwa wa speli. Msomi ana 4 za daraja la kwanza, 3 za la pili, 2 za la tatu. Mrithi ana 4, 3, 2. Sawasawa kabisa! Speli walizoandaa, yaani zilizo tayari kutupwa? Msomi 9, mrithi 9. Na ile speli ya mpira wa moto, dadu 8 za pande 6 za madhara, ipo kwenye orodha za wote wawili. Ukiishia hapa, una mtu mmoja mwenye majina mawili, na meza nyingi huishia hapa.

Sasa ongeza kete za mweso, hizi mbegu. Mrithi anapata 5, ndizo pointi zake za uchawi. Akilipa kete 1, speli anaitupa bila kunena na bila kuchezesha mikono. Fikiria yuko barazani kwa mfalme na walinzi wanamtazama: msomi akifungua mdomo amekamatwa, mrithi hata kope haitikisiki. Akilipa kete 2, speli ya kitendo kizima inakuwa ya kitendo cha haraka, ingawa zamu hiyo hawezi kutumia nafasi nyingine. Au kwa kete 1 anaweza kugeuza moto kuwa baridi au radi; ila ngazi hii huchagua mbinu mbili tu za namna hii, si zote. Tena mara mbili kwa siku anaweza kuiamsha damu yake kwa dakika 1: speli zake zinakuwa ngumu zaidi kukwepa, na mashambulizi yake ya speli yanarushiwa dadu mbili, anachukua iliyo kubwa. Haya ndiyo maboresho ninayoyapenda kuliko yote. Mrithi wa toleo la 2014 alikuwa msomi mwenye njaa. Huyu wa sasa ana mwili wake.

Kosa la kawaida ni mchezaji kuzificha kete kwenye karatasi. Ziweke wazi mezani, mbele yake. Asipoziona, atazisahau mpaka pambano liishe.

Msomi je? Utambulisho wake ni kitabu, si zile speli 9. Ngazi ya 5 kitabu kina angalau speli 14: 6 za mwanzo, na 2 kwa kila ngazi iliyofuata. Kila akiamka anaweza kubadilisha alizoandaa zote, wakati mrithi hubadilisha 1 tu anapopanda ngazi. Speli za tambiko, zile zinazoweza kutupwa polepole bila kutumia nafasi, anazisoma moja kwa moja kitabuni, hata kama hakuziandaa. Na akikuta maandishi ya mwenzake anaweza kunakili: saa 2 na vipande 50 vya dhahabu kwa kila daraja. Speli ya daraja la tatu, basi, ni saa 6 na vipande 150.

Msimamizi wa mchezo, hapa ni juu yako. Usipoweka vitabu na hati ndani ya mapango yako, umemnyima msomi nusu ya maisha yake, na ulalamikaji wake utakuwa wa haki. Hati moja kila vikao viwili inatosha.

Mtu wa mkataba ndiye aliyechongwa vizuri zaidi. Vizibo vyake ni 2 tu, vyote vya daraja la tatu, lakini vinarudi akipumzika saa 1. Wenzake, ili nafasi zao zote zirudi, wanangoja usiku mzima. Mara 1 kwa siku pia anaweza kufanya ibada ya dakika 1 akarudishiwa kizibo kimoja. Piga hesabu: siku yenye mapumziko mafupi mawili anatupa speli 7. Siku isiyo na mapumziko, 3. Ndiyo maana watu wengi humwona dhaifu. Kikundi kinapigana mara moja, kinalala, na yeye hajaonja faida ya mkataba wake. Panga mapambano matatu madogo badala ya moja kubwa, kisha tazama.

Makuhani na wanamaumbile, wahusika wengine wa uchawi, sina ugomvi nao. Anayegeuka mnyama hahitaji kitambulisho.

Udhaifu uliobaki ni ule mwingiliano wa orodha, na hati hii haiutatui. Dawa yangu: mwambie mrithi achague kitu kimoja, barafu au sumu au radi, na kila speli yake ionekane hivyo, bila kubadilisha namba. Msomi na mrithi wakiwa meza moja, mpira wa moto apewe mmoja tu.

Leseni ni Creative Commons, kwa hiyo unaruhusiwa hata kutafsiri, mradi utaje chanzo kama hati inavyoelekeza. Usichapishe zote. Peleka Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, kurasa za wahusika wako tu, kisha kila speli iandikie kadi yake kwa Kiswahili: gharama, umbali, dadu, inadumu muda gani. Kadi za msomi zitobolewe tundu na kufungwa kwa uzi, kama kitabu. Za mrithi ziachwe huru mkononi. Za mtu wa mkataba zikae kwa msimamizi, azitoe zinapoombwa.