Kanda asilia za ZX Spectrum: uzoefu wangu wa kununua, kupakia na kurekodi

Ninazozipima hapa ni kanda za gemu na programu za ZX Spectrum (kompyuta ya nyumbani ya Sinclair ya Uingereza) zilizotumika, zile za asili za miaka ya 1980, ambazo wauzaji wa Uingereza huziweka mtandaoni moja moja au kwa boksi zima. Nimezitumia vya kutosha kusema hivi: zinafaa pesa, na data iliyomo kwa kawaida imedumu kuliko plastiki inayoibeba. Kinachoziua mara nyingi ni mnunuzi mwenyewe, siku ya kwanza, anapozitumbukiza kwenye redio chafu na kuzichezesha mara sita akitafuta kiwango cha sauti. Utepe wa miaka 40 uuchukulie kama umebakiwa na safari moja tu. Safari hiyo iwe ya kurekodi.

Spectrum ilitoka Aprili 1982, yenye kumbukumbu ya 16K kwa pauni 125 na ya 48K kwa pauni 175, na ilitegemea kaseti za kawaida kabisa. Aliyezoea kanda za taarabu tayari ana nusu ya ujuzi: kuzungusha gurudumu kwa kalamu, kusafisha hedi (kichwa kinachosoma utepe) kwa spiriti, kujua kwamba mkanda wa mpira ukilegea wimbo unakokota. Ila taarabu ikikwaruza utaendelea kusikiliza. Programu haina msamaha huo. Kila fungu la data linaishia na baiti moja ya ukaguzi inayotokana na baiti zote zilizotangulia. Biti moja ikigeuka, hesabu inagoma, na skrini inakuandikia "R Tape loading error" baada ya kusubiri dakika nne.

Kabla ya kulipa, picha ya kava haitoshi. Mwombe muuzaji picha ya mdomo wa kanda, pale utepe unapoonekana. Katikati yake pana pedi, kijipande laini kilichogandishwa kwenye bati jembamba la shaba, kazi yake kuusukuma utepe ukumbatie hedi. Gundi ya pedi hukauka na pedi ikadondoka. Kanda ya namna hiyo ukiichezesha utasikia sauti imefifia, inakuja na kuondoka, na utamlaumu aliyekuuzia wakati data yote ipo. Angalia pia dirisha la kanda: vumbi jeupe au madoa kwenye kingo za utepe uliozungushwa ni ukungu. Hiyo usiiweke kwenye mashine yako nzuri hata kwa sekunde kumi, maana inaacha mbegu zake kwenye kila kinachougusa utepe. Tatu, vile vijimlango viwili vya juu vinavyozuia kurekodiwa. Kanda ya dukani hutoka vikiwa vimeshavunjwa. Ukikuta vimezibwa kwa selotepu, huenda mtoto wa zamani hizo aliandika kitu chake juu ya gemu.

Halafu lebo ya kanda ilingane na kava. Wauzaji wa maboksi huchanganya, wengine kwa bahati mbaya. Mfano mzuri ni Manic Miner ya Matthew Smith, ya mwaka 1983, iliyotoka kwanza kwa kampuni ya Bug-Byte kisha kwa ile ya Software Projects. Nilipokea kasha la Bug-Byte, lenye bei yake ya Bug-Byte, ndani mna kanda ya Software Projects. Lebo ikiwa imebanduka, namna ya kujua ni kupakia gemu na kuandika msimbo wa siri: toleo la Bug-Byte linakubali 6031769, la Software Projects linataka neno TYPEWRITER. Vilevile usilipie bei ya toleo la kwanza kwa kitu chenye nembo ya The Hit Squad, Kixx au Ricochet. Hizo ni lebo za marudio ya bei rahisi. Gemu ni ileile na huenda utepe wake ni mpya zaidi, ambayo kwa mchezaji ni faida. Kwa mkusanyaji ni kitu kingine kabisa.

Vikorokoro vya ndani ya kasha ndivyo vinavyoamua kama ulichonunua kinachezeka. Jet Set Willy ya 1984 ilikuja na kadi ya rangi: mashine inakutajia mraba, wewe unaangalia rangi nne za mraba huo na kuzibonyeza kwa vitufe 1 hadi 4. Wazo lilikuwa kwamba mashine za fotokopi za wakati huo zilitoa nyeusi na nyeupe tu. Bila kadi, kanda nzima kabisa inakufikisha kwenye swali na kukuacha hapo. Elite, ile ya Firebird ya 1985, ina Lenslok, kipande cha plastiki chenye mistari ya prizimu unachokibandika kwenye kioo cha televisheni ili herufi mbili zilizovurugwa zisomeke. Aliyeibuni alikuwa na kinyongo na watu. Lenzi ya gemu moja haisomi gemu nyingine, na inajulikana kwamba baadhi ya nakala za mwanzo za Elite zilitoka na lenzi isiyo yake, kwa hiyo hata kasha ambalo halijaguswa linaweza kukukwamisha. Kwenye televisheni pana za leo herufi zinakuwa kubwa kupita lenzi. Tumia kioo kidogo, au picha ndogo ya emuleta (programu inayoiga Spectrum kwenye kompyuta ya leo) unayoweza kuipunguza.

Sasa mashine ya kuchezesha. Spectrum +2 ya kijivu, ya Amstrad mwaka 1986, ina kinasa kaseti chake ndani na wengi huiona kama jibu la kila kitu. Kwa kucheza, sawa. Kwa kuhifadhi simpendekezei mtu: huwezi kuona mawimbi ya sauti, mkanda wake wa mpira kwa umri huu mara nyingi umegeuka kitu kama lami, na haina soketi ya EAR, ile ya kuingizia sauti ya kanda, hivyo kanda ikikataa huna pa kuchomeka simu wala kifaa kingine bila kuifungua na kuichokonoa. Redio kaseti ndogo ya mono inapakia vizuri kuliko watu wanavyotarajia. Lakini kwa kurekodi ninachotumia ni deki ya stirio ya muziki, iliyosafishwa, Dolby (kipunguza kelele) imezimwa, ikiingia kwenye kompyuta kwa soketi ya line.

Kwa nini stirio wakati kanda ya Spectrum ni mono? Kwa sababu njia moja pana ya mono inasomwa na nusu mbili za hedi, kushoto na kulia, na unapata nakala mbili za data ileile. Utepe ukiwa umekunjika ukingoni, upande mmoja huharibika na mwingine ukasalimika. Usizijumlishe pande hizo kuwa moja kabla hujarekebisha mwinamo wa hedi. Zikipishana hata kidogo zinafutana kwenye sauti nyembamba.

Mwinamo huo ndio unaoharibia watu wengi siku. Pembeni ya hedi kuna skrubu mbili. Moja imekazwa moja kwa moja, nyingine imekalia springi na mara nyingi ina tone la rangi juu. Ya springi ndiyo unayoigusa. Chezesha kanda, sikiliza mlio wa utangulizi na mkwaruzo wa data unaofuata, uzungushe skrubu taratibu sana, chini ya robo mzunguko. Utasikia sauti ikifunikwa, kama mtu anayeongea na kiganja mdomoni, kisha ikifunguka, kisha ikifunikwa tena upande wa pili. Acha palipo wazi zaidi. Ukitaka uhakika wa macho, rekodi sekunde chache kwenye programu ya sauti ya Audacity, vuta picha mpaka uone wimbi mojamoja, na linganisha vilele vya kushoto na kulia. Vikisimama mstari mmoja, hedi imekaa sawa na kanda hiyo. Nasema "hiyo" kwa makusudi, maana ya kampuni nyingine inaweza kutaka marekebisho yake.

Sababu yake iko kwenye namba. Kipakiaji cha kawaida cha Spectrum kinaandika biti ya 0 kwa wimbi la takriban 2,047 Hz na biti ya 1 kwa nusu yake, karibu 1,023 Hz. Mlio wa utangulizi uko kama 807 Hz. Hizo ni sauti nene, hedi iliyopinda inazisoma tu. Lakini kuanzia 1984, na Daley Thompson's Decathlon ya kampuni ya Ocean ikiwa ya mwanzo, zikaja kanda zenye Speedlock, kipakiaji cha kasi chenye kinga dhidi ya kunakiliwa, ambazo nyingi hupeleka data kwa kasi ya kama mara moja na nusu ya ile ya kawaida. Mawimbi yakiwa mafupi hivyo, mwinamo mbaya unayala. Ndiyo maana mtu anasema redio yake "inapakia gemu zote isipokuwa za Ocean" na kudhani kanda za Ocean zimekufa.

Utaratibu wangu kwa kanda mpya ni huu. Safisha hedi, mhimili wa chuma na kiroli cha mpira kwa isopropili ya asilimia 99 na pamba ya kijiti, mpaka pamba itoke nyeupe. Zungusha kanda kwa kalamu mizunguko michache uone kama kipande cha mwanzo kisicho na data kimeshikamana na gurudumu; ndicho kinachokatika kwanza. Kisha ipeleke hadi mwisho na kuirudisha, ili matabaka ya utepe yaachane. Jaribu deki kwa kanda usiyoililia. Mimi natumia Horizons, ile iliyokuja bure ndani ya boksi la Spectrum, imejaa kila mahali. Ikishapita, weka kanda yenyewe na rekodi stirio, 44,100 Hz, biti 16, vilele visipite desibeli -6. Hifadhi WAV. Usisafishe kelele, usibane kuwa MP3; vyote viwili vinahamisha kingo za mawimbi, na kingo ndizo data.

Rekodi upande B pia. Gemu nyingi za dukani zina programu ileile pande zote mbili, na upande B kwa kawaida ulichezwa mara chache. Baada ya hapo geuza WAV kuwa faili ya kanda inayosomwa na emuleta, kwa programu ya audio2tape au tzxwav. Faili ya TAP inatosha kwa kanda zenye kipakiaji cha kawaida tu. Yenye Speedlock au ya aina hiyo lazima iwe TZX, kwa sababu TZX inahifadhi na muda wa mawimbi yenyewe. Kama upande A na upande B wa kanda ya kawaida vinatoa faili zenye baiti zinazolingana, umemaliza kazi, kanda irudi kwenye kasha.

Ikikataa, soma ukingo wa skrini. Michirizi minene nyekundu na samawati inayotambaa polepole kwa sekunde tano hivi ni utangulizi unaosomwa vizuri. Baadaye ije michirizi myembamba ya bluu na njano. Hiyo ni data. Ukingo unaobadilika rangi nzima polepole bila michirizi, hakuna sauti inayofika: ongeza, maana EAR ya Spectrum inataka sauti kubwa. Ikitoka kwenye simu, tumia waya unaopeleka upande mmoja tu kwenye plagi ya mono. Michirizi ikisitasita na kutapatapa palepale kila unaporudia, ni utepe. Ikitapatapa mahali tofauti kila mara, shaka kiroli au mkanda wa mpira.

Pedi iliyodondoka inabadilishwa kwa kutoa nyingine kwenye kanda tupu. Kanda yenye skrubu tano ni kazi ya dakika tatu. Iliyogandishwa ipitishie wembe mwembamba kwenye mshono, anzia upande wa nyuma, na usihangaike kuifunga upya. Hamishia magurudumu yote mawili kwenye ganda la skrubu, la asili libaki kasha moja na lebo yake.

Upande wa umeme, plagi ya asili ya Kiingereza yenye pini tatu na volti 240 inaingia ukutani Mombasa, Dar au Muscat bila kigeuzi. Hatari iko kwenye adapta za kisasa: Spectrum ya 48K inataka volti 9 DC, kama ampea 1.4, na hasi ikiwa katikati. Adapta nyingi za siku hizi zina chanya katikati. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka. Na +2A nyeusi ina adapta ya aina yake yenye volti tofauti tofauti, hazibadilishani na ya kijivu.

Unyevu wa pwani ni adui mwaminifu kuliko wote. Simamisha kanda wima, kwenye boksi linalofungwa, na vifuko viwili vitatu vya silika, mbali na spika. Vifuko vikaushwe kila baada ya muda, la sivyo vinakuwa mapambo.

Kitu nisichokilipia tena ni katriji za Microdrive, hifadhi ndogo ya utepe ya Sinclair, zenye programu. Utepe wake ni mwembamba, mzunguko mmoja usio na mwisho, na pedi zake huoza ndani mahali usipopaona. Katriji za ROM za Interface 2, kifaa kinachochomekwa nyuma ya Spectrum, ni habari nyingine: zilitoka gemu kumi tu, Jetpac ikiwemo, hazina utepe wa kuharibika, na kila moja inaanza mara tu unapowasha umeme. Bei zake ndizo zinazonifanya nirudi kwenye kanda.