Xiaomi TV Box S kizazi cha tatu: hifadhi imeongezwa, tundu la waya wa mtandao bado hakuna

Aliyetumia toleo lililopita la kisanduku hiki cha kuonyeshea video za mtandaoni kwenye TV ataona upesi Xiaomi wamerekebisha nini. Kizazi cha pili, cha mwaka 2023, kilikuwa na hifadhi ya GB 8, na sehemu kubwa ya hizo ilishachukuliwa na mfumo kabla mtu hajaweka programu hata moja. Ukishapakua Netflix, Prime Video na nyingine tatu nne, ujumbe wa nafasi kujaa ulianza kujitokeza, masasisho yakagoma, na programu zikawa zinajifunga zenyewe katikati ya filamu. Kizazi cha tatu, kilichotoka 2025, kina GB 32. Hilo peke yake linatosha kumshauri anayenunua leo asidanganywe na bei ya toleo la zamani lililobaki rafuni. Soma ubavuni mwa boksi: ukikuta 2GB + 8GB, hicho ni cha zamani, hata muuzaji akikwambia ni kipya.

Prosesa sasa ni Amlogic S905X5M badala ya S905X4. Menyu za Google TV zinafunguka bila kusitasita na unahama kutoka programu moja kwenda nyingine haraka. RAM imebaki GB 2, kwa hiyo usitegemee programu nyingi zibaki wazi kwa wakati mmoja; ukirudi kwenye ile uliyoiacha nusu saa iliyopita, mara nyingi itaanza upya. Wi-Fi imepandishwa hadi Wi-Fi 6. Video ni 4K kwa fremu 60 kwa sekunde, pamoja na Dolby Vision na HDR10+, ambazo ni aina za HDR, yaani picha yenye mwanga na rangi pana zaidi. Maneno HDMI 2.1 (kiwango cha HDMI kinachoweza kubeba 4K ya fremu 120) yameandikwa kwa fahari kwenye boksi, lakini hakitoi 4K ya fremu 120, basi usinunue kwa ajili ya hayo.

Kasoro kubwa ni ileile ya siku zote: hakuna tundu la waya wa mtandao. Kifaa ambacho kazi yake yote ni kuvuta video za 4K kinaachwa kitegemee Wi-Fi tu, na kinakaa nyuma ya TV, mahali ambapo bati la TV na rundo la nyaya vinazuia mawimbi. Picha ikianza kuzungushazungusha duara, wengi hulaumu kampuni ya intaneti. Kabla ya kupiga simu huduma kwa wateja, kitoe kisanduku ubavuni mwa TV, kionane na ruta. Ruta ikiwa chumba hichohicho au cha jirani, kiunganishe kwenye mtandao wa 5GHz (mawimbi ya Wi-Fi yenye kasi lakini ya masafa mafupi). Kuta za tofali au zege zikiwa mbili au zaidi, 2.4GHz inafika mbali zaidi, ila inabanana na mitandao ya majirani na pia na Bluetooth ya rimoti. Ndiyo sababu rimoti wakati mwingine inachelewa kuitika huku betri ni mpya. Kuna njia ya waya: adapta ya USB ya kupokea waya wa mtandao, ichomekwe kwenye tundu pekee la USB. Ya Mbps 100 inatosha kabisa, maana filamu za Netflix au YouTube hazihitaji hata nusu ya kasi hiyo. Ubaya wake ni kwamba flashi inakosa pa kuchomekwa, isipokuwa uongeze kigawanyio cha USB.

Kasi inayohitajika si ya kubahatisha. Netflix wanashauri Mbps 5 kwa picha ya 1080p na Mbps 15 kwa 4K. YouTube kwa 4K wanataka 20. Kinachouma zaidi ni bando. Kwa ubora wa juu, Netflix inaweza kula hadi GB 3 kwa saa kwenye HD na hadi GB 7 kwa saa kwenye 4K. Anayetumia hotspot ya simu au ruta ya laini ataumaliza mfuko wake kwa filamu mbili, na hata vifurushi vinavyoitwa visivyo na kikomo vingi hupunguzwa kasi ukivuka kiwango fulani. Ingia kwenye akaunti ya Netflix kwa kivinjari, fungua wasifu wako, tafuta mipangilio ya uchezaji, chagua ubora wa kati: matumizi yanashuka hadi takriban GB 0.7 kwa saa. Kwenye TV ya inchi 32 utaona tofauti, lakini si ya kukukatisha tamaa. Hapohapo zima vionjo vinavyojicheza vyenyewe; navyo vinakula data.

Jambo lingine linalomaliza bando kimyakimya ni kuzima TV kwa rimoti ya TV na kuacha kisanduku kikiwa hewani. Skrini imezimika, lakini ndani huenda YouTube inaendelea kurusha video moja baada ya nyingine. Dawa ni HDMI-CEC, inayofanya TV na kisanduku vizimike pamoja. Iwashe pande zote mbili. Kwenye TV jina hubadilika kulingana na kampuni: Samsung wanaita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync, Philips EasyLink. Ikiwashwa vizuri, rimoti moja inatosha.

Kufunga si kazi. Tundu la HDMI kwanza, umeme baadaye, halafu fuata skrini inavyoelekeza kuunganisha rimoti. Kwa kuingiza akaunti ya Google, tumia programu ya Google Home kwenye simu. Kuandika nywila kwa mishale ya rimoti ni mateso. Usikiwashe kwa USB ya TV hata kama volti zinalingana, maana tundu hizo mara nyingi hutoa ampea chache na kisanduku kitajizima-zima kikizidiwa. Tumia adapta yake.

TV ikiwa ya 4K lakini picha inatoka bila HDR, tatizo kwa kawaida liko kwenye TV. Matundu mengi ya HDMI hutoka kiwandani yakiwa yamefungwa kwenye hali ya kawaida. Samsung hufunguliwa kwa Input Signal Plus, LG kwa HDMI Ultra HD Deep Colour, Sony kwa Enhanced format, na mpangilio huo ni wa kila tundu peke yake. Ukihamisha waya, rudia. Kumbuka pia kwamba 4K ya Netflix iko kwenye kifurushi cha Premium tu. Kisanduku hakiwezi kukupa ambacho hujalipia.

Sababu ya kulipa zaidi kwa kisanduku cha namna hii, badala ya vile visivyo na jina vinavyoahidi chaneli zote bure, ni mbili. Kwanza, bila idhini ya Netflix na ulinzi wa Widevine L1 (kinga ya Google dhidi ya kunakili video), kifaa chenye maandishi makubwa ya 8K kitakuonyesha Netflix kwa ubora hafifu wa kama 480p. Pili ni usalama. Juni 2025 FBI ya Marekani ilionya kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya nyumbani vilivyoambukizwa, vikiwemo visanduku vya Android visivyoidhinishwa, vingine vikitoka kiwandani na virusi tayari. Mwezi uliofuata Google walifungua kesi dhidi ya waendeshaji wake, wakitaja vifaa zaidi ya milioni 10. Kifaa cha aina hiyo kinakaa kwenye Wi-Fi ileile ya simu unayofanyia miamala.

Kabla ya kununua, hakikisha programu unazozitaka zina toleo la TV. Si kila programu ya simu inapatikana kwenye duka la Google TV, na baadhi hufunguka nchi fulani tu. Ambayo haipo huenda ina alama ya Cast kwenye simu. Ukiibonyeza, kisanduku huvuta video chenyewe na simu inabaki huru kupokea simu. Usichanganye hilo na kuakisi skrini, ambako simu inabeba mzigo wote na picha hukatika.

Mwenye kizazi cha pili kisichomsumbua kwa nafasi hana haraka ya kubadilisha. Mwenye Mi Box S ya 2018, iliyotangulia kizazi cha pili, abadilishe: prosesa yake haifungui AV1, mbano wa video ambao YouTube na Netflix wanautumia zaidi na zaidi, na unaopunguza data kwa picha ileile.