Minoksidili ya kupaka: utosini imenifaa, mashavuni imeniudhi

"Dada, si ulitaka nywele? Hizo hapo!" Hilo ndilo jibu nililopewa na muuzaji wa duka la dawa aliyeniuzia minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, nilipomrudia kumwonyesha malaika meusi, yaani vinywele laini, yaliyoota kutoka kwenye panja hadi mashavuni. Akamkonyeza mwenzake. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba jambo hili si geni kwa mtu wa kazi yake. Limo kwenye karatasi ya maelekezo, na ni sababu mojawapo ya boksi la dawa ya maji yenye minoksidili asilimia 5 kuandikwa kwamba ni la wanaume. Yeye aliniuzia hilohilo bila kuniuliza hata swali moja.

Piga hesabu uone. Maji ya mwanamke ni ya asilimia 2, mililita 1 asubuhi na mililita 1 jioni, yaani miligramu 40 za dawa kwa siku. Maji ya asilimia 5 yakipakwa vilevile mara mbili yanafika miligramu 100. Povu la asilimia 5 lipo kwa ajili ya wanawake, lakini ni nusu kifuniko, mara moja tu kwa siku. Hiyo tofauti ilihitaji sentensi moja pale kaunta. Moja!

Na hiyo dropa sijui aliyeibuni alikuwa na kichwa cha namna gani. Inavuta mililita nzima, na ukiubonyeza ule mpira bila kujizuia, yote inatoka kwa mkupuo. Njia ya nywele haiwezi kubeba maji kiasi hicho. Dawa yenyewe ni nyepesi kwa sababu imechanganywa na spiriti, kwa hiyo inakimbilia kwenye kipaji cha uso kabla kidole hakijafika. Na inapogusa, inaamsha mizizi ya nywele iliyopo hapo. Haijui hapa ni utosi na pale ni shavu.

Kama unayo chupa ya namna hiyo, igawe mililita moja katika sehemu nne. Chana njia nne kwenye eneo lililopungua, ukianzia upana wa kidole gumba nyuma ya mstari wa nywele za mbele. Inua kidevu ili kichwa kilale nyuma, gusisha ncha ya dropa kwenye ngozi, toa robo ya mililita, tone kwa tone, ukielekea utosini, sambaza kwa ncha ya kidole kimoja, ndipo uhamie njia inayofuata. Kabla ya yote pitisha mafuta mazito ya mgando kwenye kipaji na mbele ya masikio, yazuie kinachoteleza, lakini yasifike panapotakiwa dawa. Kilichotiririka kifute papo hapo kwa kitambaa chenye maji. Nawa mikono kwa sabuni.

Halafu usilale. Iache ikauke kwa saa mbili hadi nne, la sivyo foronya itainywa na kuirudisha shavuni usiku kucha. Kilemba cha kulalia nacho kinafanya hivyohivyo pale ukingo wake unapokaa kwenye kipaji. Na kama kuna paka nyumbani, hii dawa ni sumu kwake, hata kiasi kidogo anacholamba mkononi mwako au kwenye foronya kinaweza kumuua. Hilo nalo halisemwi kaunta.

Niseme kweli, si kila malaika ya usoni yanatokana na kutiririka. Sehemu ya dawa huingia kwenye damu kupitia ngozi, na wapo wanawake wanaoota nywele usoni na mikononi hata wakipaka kwa uangalifu wote. Kwao suluhisho ni kupunguza nguvu ya dawa, waende asilimia 2 au povu mara moja. Malaika yenyewe unaweza kuyanyoa au kuyatoa kwa uzi, hayaongezeki unene kwa kunyolewa, hayo ni maneno ya saluni. Ukiacha minoksidili yanapungua yenyewe ndani ya miezi michache. Ila na za kichwani ulizozipata zinaondoka, kwa kawaida ndani ya miezi mitatu au minne. Hapo ndipo ninapokasirika upya: hii dawa ukishaianza, imekuoa.

Kunyonyoka kwa mwanzo je? Wengi wanaitupa chupa hapa. Kati ya wiki ya pili na ya nane hivi, nywele zinaweza kutoka kwa wingi kuliko kabla ya dawa, kitana kinajaa. Sababu ni kwamba dawa inaiharakisha mizizi iliyokuwa imepumzika ianze kuotesha upya, na unywele wa zamani unasukumwa nje. Nywele hizo zinatoka nzima, na kijifundo cheupe kwenye mzizi. Ukiona vipande vifupi visivyo na kifundo, hizo zimekatika, na kosa ni la kemikali au joto, si la minoksidili. Usitoe hukumu kabla ya miezi minne hadi sita.

Muwasho nao una hila yake. Mara nyingi kinachowasha ni propilini glaikoli inayotiwa kwenye maji, wala si minoksidili yenyewe. Ngozi inakuwa nyekundu, inatoa magamba, mtu anadhani ni mba na kuongeza mafuta juu yake. Povu halina kiambato hicho, kwa hiyo kuhamia povu kunawatuliza wengi. Povu nalo lina kero yake: linayeyuka kwenye vidole vyenye joto. Visuuze kwa maji baridi, vikaushe, ndipo ulichukue. Usipake chochote kati ya hivi siku uliyosukwa na ngozi ikiwa imechubuka, maana spiriti itakuchoma na dawa itaingia mwilini zaidi ya inavyotakiwa.

Narudi kwa yule bwana, maana hakuishia kwenye mzaha. Alinishauri niache kupaka, "umeze vidonge tu, ni rahisi." Vidonge vya minoksidili vilianza kama dawa ya presha, navyo vina onyo zito kuhusu moyo. Ni kweli madaktari wa ngozi huwapa wanawake kwa ajili ya nywele, lakini kwa kiasi kidogo sana, mara nyingi kati ya miligramu 0.25 na 2.5 kwa siku, huku wakifuatilia presha na uvimbe. Na lalamiko kubwa la watumiaji wa vidonge hivyo ni lipi? Nywele mwilini na usoni! Mtu analia kuhusu mashavu, unampa kitu kinachozidisha. Iwe ni ya kupaka au ya kumeza, mapigo ya moyo yakienda mbio, kizunguzungu kikikujia, miguu ikivimba au uzito ukipanda ghafla, acha siku hiyohiyo uende hospitali. Mjamzito na anayenyonyesha wasiiguse.

Nilikuwa nimeiandikia nyota moja. Lakini njia ya nywele utosini ilikuwa pana kiasi cha kuonyesha ngozi nikiinama, na sasa imejibana, hilo siwezi kulikataa. Basi nyota nne. Hapana, nne ni za povu. Ya maji ninaipa mbili, na mojawapo ni ya kuihurumia. Na kama ngozi yako ya utosini inang'aa, vitundu vya nywele vimepotea, au panauma na kuwaka moto, nyota zangu zote zisikuhusu: hiyo ni dalili ya upara wa makovu. Panapo kovu mzizi umeshakufa, na kila mwezi unaopita ukipaka dawa hii peke yake, kovu linazidi kupanuka. Daktari wa ngozi kwanza, chupa baadaye.