Saruni na kibubu chake: vitabu vya pesa nilivyosoma na binti yangu

Binti yangu ana miaka minane. Hesabu za kujumlisha na kutoa anaziweza vizuri, ila pesa yenyewe haioni. Gengeni nalipa kwa simu, umeme wa luku nanunua kwa simu, ada ya shule nayo inapita humohumo. Nikimwambia sina hela ananijibu, "Mama, si utoe kwenye simu?" Ndiyo maana nikaanza kutafuta vitabu vya hadithi vinavyomfundisha mtoto habari za fedha.

Vingi nilivyonunua vilinichosha kabla hata havijamchosha yeye. Seti moja ya vijitabu vyenye picha za kung'aa ilikuwa mahubiri mwanzo mwisho: mtoto mwema anaweka akiba, mtoto mtundu anakula pipi, mtundu analia. Hakuna bei iliyotajwa, hakuna anayehesabu, na huyo mtoto mwema hatuambiwi anaweka akiba ya nini. Binti yangu alivimaliza upesi, hajavigusa tena.

Kilichomkamata ni My Rows and Piles of Coins cha Mtanzania Tololwa Mollel, kilichotoka mwaka 1999, na picha za rangi za maji alizochora E. B. Lewis. Mvulana anayeitwa Saruni anamsaidia mama yake sokoni siku za Jumamosi. Biashara ikienda vizuri, mama anampa sarafu tano za senti kumi atumie apendavyo. Anazunguka sokoni akitazama karanga, chapati na sambusa, anatazama na magari ya mbao, kisha anaona baiskeli mpya, nyekundu na buluu. Kuanzia hapo hanunui kitu. Anataka baiskeli ili amsaidie mama kubeba mizigo.

Nyumbani ana sanduku la siri, sisi tungeliita kibubu. Analimwaga, anazipanga sarafu mafungu mafungu, anayapanga mafungu kwa mistari, anahesabu. Tulipofika hapo binti yangu aliomba sarafu. Nikamletea za mia, za mia mbili na chache za mia tano, akazipanga mkekani kama Saruni. Alishangaa kwamba fungu refu la mia lina thamani sawa na sarafu mbili tu za mia tano. Darasani amefanya hesabu hizo mara nyingi, lakini siku hiyo alizishika. Bibi yake aliyekuwa amekaa pembeni akaingilia kumweleza kuhusu senti kumi za zamani za Afrika Mashariki zilizokuwa na tundu katikati, na maongezi yakahamia kwenye vitu ambavyo sarafu hizo zilinunua enzi zake. Usomaji ulikatika, nami sikuona haja ya kuwaharakisha.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ndiyo inayouma. Saruni anabeba akiba yake yote hadi kwa muuza baiskeli, naye anamcheka. Pesa haitoshi, hata haikaribii. Mwandishi hakuipamba aibu hiyo, na binti yangu alinyamaza kabisa. Vitabu vingi vya aina hii humdanganya mtoto kwamba ukiweka akiba utapata tu. Hiki kinamwambia kwamba unaweza kujinyima kwa muda mrefu na bei bado ikakushinda.

Baadaye baba yake ananunua pikipiki na kumuuzia Saruni baiskeli yake ya zamani, kisha anamrudishia zile hela kwa jinsi alivyomsaidia mama. Binti yangu akauliza, "Je, baba yake asingenunua pikipiki?" Swali zuri, na kitabu hakilijibu. Tulilijadili sana: angeendelea kuweka, angetafuta iliyotumika, au angeanza na kitu cha bei ndogo. Mzazi ajiandae kwa swali hilo, maana mtoto mwerevu atauliza.

Viwili vingine vya Marekani tumevisoma pia. A Chair for My Mother cha Vera B. Williams, cha mwaka 1982, kinasimulia familia iliyounguliwa na nyumba. Mama ni mhudumu wa mgahawa, na chenji zinawekwa kwenye chupa kubwa ya kioo hadi itoshe kununua kiti cha kupumzikia. Kizuri sana, hasa kwa kuwa nyumba nzima inachangia. Alexander, Who Used to Be Rich Last Sunday cha Judith Viorst kinachekesha: mtoto amepewa dola moja, na inayeyuka kidogo kidogo hadi anabaki na takataka. Hapo kuna kikwazo kwetu, kwani sarafu za senti za Marekani kila moja ina jina lake, nami ilinibidi nisimame kila mara kueleza.

Nakala zangu zote ni za Kiingereza, nililetewa na ndugu aliye ng'ambo. Nasoma huku nikisimulia kwa Kiswahili, na hadithi ya Saruni haipotezi chochote kwa sababu soko lake ni soko analolijua. Kama hela yako inatosha kitabu kimoja tu na mtoto wako ana kati ya miaka sita na tisa, anza na hicho, na uwe na sarafu za kweli karibu. Wa chini ya hapo watafurahia picha, lakini hesabu zitawapita.